Sinia la Noritsugu na Karatasi ya Lawama

Jumapili, tarehe 22 Juni. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa nyembamba, ya kudondoka bila kelele, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa pazia la mlangoni. Joto lilikuwa limeshaingia. Nilipofunua ndoo ya mchele nyumbani niliukuta umeshika unyevu, nikajua ni siku ya chakula kuharibika upesi. Niliweka wali wa kwanza na maji mbele ya kabati la sala, nikawaombea wazazi wangu, nikamwombea mume wangu, kisha nikawaombea wateja wa siku hiyo, hasa yule ambaye angekuja akiwa picha.

Maana tulikuwa na shughuli ya siku ya arobaini na tisa. Kusakabe Noritsugu, mkulima wa nyasi za mikeka, alifariki mwanzoni mwa Mei, na siku hiyo ndiyo marehemu alikuwa anamaliza safari yake na walio hai wanarudi kula samaki. Familia iliagiza masinia kumi na mawili katika mkahawa wetu wa Sasanoya, hapa Yatsushiro. Watu walikuwa kumi na mmoja. Sinia la kumi na mbili lilikuwa la Noritsugu mwenyewe.

Mimi ndiye niliyeliandaa. Nimefanya kazi Sasanoya miaka kumi na tisa na masinia ya marehemu nimeyapanga mengi. Linawekwa mbele ya picha, limegeuzwa, bakuli la wali na vijiti vikiwa upande wa picha, kwa sababu mlaji ameketi kule. Nilifunua kifuniko cha supu ili mvuke upande. Nikamjazia kikombe kidogo cha pombe ya mchele. Kisha nikainama nikamwambia kimoyomoyo, "Karibu ule." Nilikuwa namfahamu. Kila mwisho wa mavuno alikuja na watu wake wa shambani, na alikuwa mtu wa kula hadi ukoko.

Familia ilipofika, mjane wake, Fumie, alinivuta pembeni kabla hajavua viatu. Ni mwanamke mfupi, wa miaka sabini hivi, mwenye mikono ya mtu aliyefunga nyasi maisha yake yote.

"Dada Mitsue, lile sinia la mume wangu nitalibeba nyumbani. Mama anangoja."

"Mama mkwe? Bado yupo kitandani?"

"Yupo. Tangu mazishi hali kitu. Uji vijiko viwili, vitatu, basi. Ukimsihi anakuuliza, 'Mwanangu kala? Kama hajala, mimi nile kwa sababu gani?' Leo alfajiri kaniambia mwenyewe, niletee alichobakiza Noritsugu. Nikila alichobakiza, nitajua alikula."

Mama huyo, Bi Towa, ana miaka tisini na mitano. Niliwahi kumwona akiwa na themanini, amebeba mzigo wa nyasi uliomzidi kimo.

"Utalibeba," nilimwambia. "Mbona jambo dogo."

Nilisema hivyo bila kufikiri, na hilo ni kosa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na karatasi.

Juni hiyo ndiyo ilikuwa mwezi wa kwanza wa karatasi. Zamani, tangu mvua zianze mpaka Septemba iishe, hakuna kilichotoka mlangoni kwetu isipokuwa mteja na mwavuli wake. Mabaki yote yalikwenda kwenye pipa. Wazee waliokua wakati wa njaa walikuwa wakiniona namwaga kamba mzima ambaye hajaguswa, wanageuza uso. Mimi nami nilikuwa naomba msamaha kila nilipoinamisha sahani. Mwishowe bosi wetu, Bwana Iwanaga, akaenda kwenye mkutano wa wenye mikahawa, akarudi na karatasi. Mteja anayetaka kubeba alichobakiza anapewa boksi na kulijaza mwenyewe, sisi hatugusi. Kisha anaandika jina na saa, anagonga muhuri wake wa jina, ambao kwetu ndio sahihi, na kuanzia hapo tumbo lake ni lake. Jikoni tuliiita karatasi ya lawama.

Bosi alinikabidhi mimi kuisimamia. Wenzangu walicheka, kwa kuwa wote wanajua nilianza kusoma uzeeni. Nikiwa na miaka kumi nilikuwa nyumbani nikimuuguza mama na kulea wadogo zangu. Sasa nina sitini na saba, na huu ni mwaka wangu wa pili katika shule ya jioni. Mwalimu wetu ana sheria moja: ukishika maandishi, yasome kwa sauti mpaka nukta ya mwisho. Kwa hiyo mimi kurukaruka mistari sijui. Karatasi ile ilikuwa na mistari saba, na kila mteja nilimsomea yote saba, hata kama ameshashika muhuri mkononi na teksi inamsubiri nje.

Ilipofika saa nane chakula kilikuwa kimekwisha, yaani kimewashinda. Masinia yetu ya shughuli ni makubwa, na watu wenye huzuni huanza vizuri kisha wakachoka. Nilileta maboksi, nikaleta karatasi, nikapiga magoti mwishoni mwa meza.

"Dada Mitsue, lete tu tugonge," alisema Katsuhiro, mdogo wake marehemu. Uso wake ulikuwa umeshaiva kwa pombe. "Nyasi zangu zinalala shambani kwa mvua hii, na wewe unataka kutuhutubia."

"Ni mistari saba tu, kaka."

"Saba! Hata kasisi hakusoma saba leo."

Kasisi Shunkai, kijana wa hekalu la familia, alikuwa anakula jeli ya maharage kwa kijiko kidogo. "Nilisoma zaidi ya mia," alisema bila kuinua macho. "Wewe ulilala tangu wa nne."

Watu wakacheka, hata Fumie akacheka, na mimi nikapata nafasi ya kuanza.

Mstari wa kwanza unasema kwamba mteja ameomba mwenyewe, hakushawishiwa. Wa pili unakataza vitu vibichi. Hapo Katsuhiro akasema, "Basi ninyi ngojeni," akaokota vipande vitatu vya samaki mbichi vilivyobaki sahanini mwake akavimeza kwa mkupuo mmoja. Wa tatu unahusu boksi, wa nne unahusu joto. Nilikuwa nasoma polepole, kidole chini ya kila neno.

"Mstari wa tano," nikasema. "Chakula hiki ni nilichobakiza mimi mwenyewe, na ni mimi mwenyewe nitakayekila."

Nikaendelea na wa sita na wa saba, nikainama, nikaanza kukusanya. Mihuri ikagongwa tap, tap, tap, kama watu wanaobandika stempu. Fumie alinipa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na jina lake. Ya pili ilikuwa na maandishi yake yeye, lakini jina lilikuwa Kusakabe Noritsugu, na pembeni yake wino mwekundu wa muhuri wa Noritsugu, bado mbichi.

Niliitazama muda mrefu. Mwanzoni nilidhani nimesoma vibaya, kwa kuwa huwa inanitokea. Nikaisoma tena kwa sauti ya chini.

"Bi Fumie. Huu ni muhuri wa marehemu."

"Ndiyo. Niliuchukua kabatini asubuhi." Aliniangalia kama mtu anayeshangaa kuulizwa. "Sinia ni lake. Si umesema mwenye kubakiza ndiye agonge?"

Alikuwa amenisikiliza kuliko wote mle chumbani, na kwa kunisikiliza ndiyo akafanya kosa lile. Angekuwa kama wengine, angegonga muhuri wake mara mbili na mimi nisingeona chochote.

Nikamwita bosi.

Bwana Iwanaga alikuja akifuta mikono kwa aproni. Si mtu mbaya. Ni mtu mwoga, na ana sababu: mwaka jana, katika mji mwingine, mkahawa mmoja ulifungwa siku kadhaa kwa sababu bibi wa watu alikula chakula kilichobebwa jana yake akaugua. Tangu asikie habari hiyo, analala vibaya kuanzia Juni mpaka Septemba. Aliichukua karatasi kwa ncha za vidole.

"Bi Kusakabe, hii siwezi kuipokea. Aliyefariki hawezi kujitwika dhamana. Wakaguzi wakija wakaniuliza mteja yuko wapi, nitawaambia nini?"

"Waambie yuko pale," Katsuhiro akaonyesha picha kwa kijiti. "Ila leo si msemaji."

"Katsuhiro, shemeji, nyamaza," alisema Fumie. Kisha akamgeukia bosi, akaweka mikono miwili mkekani, na sauti yake ikapungua. "Bosi, mimi sitaki ugomvi. Nitagonga wangu. Nipe tu chakula cha mume wangu. Mama yake anakingoja."

"Mama yake? Yule wa miaka tisini na mitano?"

"Ndiyo."

"Msimu huu?"

"Ndiyo."

Bosi akafumba macho. Kama nisingeusoma mstari wa tano, jambo lingepita. Nilijilaumu, nikamwomba Mwenye Huruma anionyeshe mlango.

"Mama, kwa nini usimpikie kingine?" bosi alisema taratibu. "Boga kama hili hata nyumbani lipo. Mpikie sasa hivi, la moto."

"Nimempikia siku arobaini na nane," alisema Fumie.

Nje mvua ilikuwa inaingia kwenye bomba la paa.

Hapo kasisi akaweka kijiko chini. Ana tabia ya kuinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza, na sasa alikiinamisha kuelekea sinia la Noritsugu, ambalo supu yake ilikuwa imepoa na kuganda utando.

"Mimi nina swali moja dogo," alisema. "Alikula au hakula?"

"Nani?"

"Huyo mwenye sinia. Maana nimekuwa nikilitazama tangu mchana. Kama alikula, hiki ni alichobakiza, na kwa mstari wa tano ni yeye mwenyewe anayetakiwa kukimalizia. Sasa yeye ameshaondoka, na hatarudi kwa ajili ya boga. Kama hakula, basi hiki si mabaki. Ni chakula kizima, hakijaguswa na mtu, na karatasi ya mabaki haikihusu."

"Sawa!" Katsuhiro akapiga paja. "Hakula! Ni kizima! Kibebeni!"

"Ngoja," alisema bosi. "Kama ni kizima, basi mimi nimeuza chakula cha kubeba. Na cha kubeba mimi sijaruhusiwa, jiko langu sikulijenga kwa ajili hiyo. Hilo ni kosa jingine, kubwa kuliko la kwanza."

"Kumbe," alisema kasisi, na usoni mwake nikaona furaha ya mtoto aliyekuta mlango wa pili nao umefungwa. "Akila hapana, asipokula hapana."

"Kasisi, wewe upo upande gani?" aliuliza Nobuko, shangazi mnene aliyekaa karibu na dirisha.

"Bado naangalia."

Nikatamani kucheka, lakini nilimwona Fumie. Alikuwa ameuchukua muhuri wa mumewe, anafuta wino kwa kitambaa cha karatasi, anafuta na kufuta ingawa ulikuwa umeshakuwa safi. Nikajua anachofikiria. Anafikiria atakavyofungua mlango wa nyumbani mikono mitupu, na Bi Towa atageuza kichwa kwenye mto na kuuliza swali lake, na safari hii hakutakuwa na siku nyingine ya kungoja. Siku za Noritsugu zilikuwa zinaishia hapo, jioni ile.

"Bosi," nikasema, "naomba nikuulize kitu. Mstari wa tano unasema mimi mwenyewe nitakayekila. Hawa wengine wote wamegonga. Je, ni wao watakaokula?"

"Si wamegonga?"

"Wamegonga. Lakini uwaulize."

Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Nadhani niliuliza kwa sababu nilitaka kujua kweli. Tangu mwanzo wa mwezi nilikuwa nasoma mstari ule mara kumi kwa siku, na watu wote walikuwa wanaitikia kwa kichwa, na bado niliwaona wakipanga vitu boksini kwa namna ambayo mtu hapangi chakula chake mwenyewe. Kamba wanapangwa kichwa na mkia. Kipande kizuri kinawekwa juu.

Bosi akawageukia. "Shangazi, hilo boksi ni lako?"

Nobuko akaona haya. "Ni langu, ndiyo. Ila kamba ni wa mjukuu. Hali kitu kingine."

"Na wewe, Bwana Katsuhiro?"

"Langu?" Katsuhiro alijikuna shingo. "Ukweli wote? Ni la mbwa."

"Mbwa!" Nobuko alipaza sauti. "Mizizi ya yungiyungi yenye haradali unampa mbwa?"

"Naitoa haradali, jamani. Mimi si katili."

Kicheko kilizunguka meza, na kilipopita, kila mtu alikuwa anasema kwa zamu bila kuulizwa. La huyu lilikuwa la mume aliyebaki na ng'ombe. La yule lilikuwa la jirani aliyeangalia nyumba. Binti mmoja alisema lake ni la rafiki yake wa ofisini, na akalifunga upesi boksi lake. Kati ya watu kumi na mmoja hakuna hata mmoja aliyekuwa anabeba chakula kwa ajili ya tumbo lake.

Bwana Iwanaga aliketi chini kwenye mkeka. Alichukua karatasi moja, akaisoma mwenyewe, midomo ikicheza, tangu juu mpaka chini. Nilimsubiri. Nilipokuwa mtoto nilidhani watu waliosoma husoma kila kitu wanachogonga. Sasa naona wengi wao wanaamini tu.

"Nilikuwa sijaufikia huo wa tano," alisema hatimaye. "Niliisoma mpaka wa nne mkutanoni, kisha wakaleta chai."

Hakuna aliyemcheka. Kasisi peke yake alitabasamu, lakini kwa kuangalia sakafu.

"Basi wa tano nitaurudisha kwenye mkutano," bosi aliendelea. "Nitawaambia hayupo duniani mtu anayebeba chakula namna hiyo. Lakini leo bado nina mambo mawili. Kwanza, mwenye kubakiza. Sinia lile halina mtu. Siwezi kutoa chakula cha mtu asiyekuwepo. Pili, yule mama. Watoto na mbwa nimeelewa. Lakini mtu wa tisini na mitano akiugua, mimi nitaishije?"

Mlango wa hilo jambo la kwanza nilikuwa nimeshauona, maana katika kazi hii nimeuona mara nyingi. Shughuli ikiisha, sinia la marehemu huteremshwa, na watu wake wa karibu hula kidogo kutoka humo. Ni desturi yetu. Familia nyingi siku hizi zimeiacha, zinaondoka haraka na kutuachia sisi kazi ya kumwaga.

"Bi Fumie," nikasema, "hujala naye bado."

Alinielewa papo hapo. Aliinuka, magoti yakalia, akaenda mpaka mbele ya picha. Alisimama kidogo. Kisha akaketi, akashika sinia kwa mikono yote miwili, akaligeuza polepole mpaka wali na vijiti vikamwelekea yeye. Nimeligeuza sinia mara nyingi wakati wa kuliondoa, na sijawahi kufikiri ni kitu gani. Siku hiyo niliona ni kama kumvua mtu koti akiwa amelala.

Alichukua vijiti vya mumewe. Akala kipande cha boga, akala wali kidogo, akanywa funda moja la supu iliyopoa. Alitafuna kwa muda mrefu sana.

"Imekolea chumvi," alisema. "Angeipenda."

"Samahani," alisema bosi kwa haraka, kwa mazoea ya kazi, na Katsuhiro, aliyekuwa na mzaha kwa kila kitu, aligeukia dirisha akajifuta uso kwa kiganja.

"Sasa," kasisi alisema, "ni yeye aliyebakiza. Nimemwona."

"Tumemwona wote," alisema Nobuko.

Nikampa Fumie boksi. Sikuligusa sinia, kanuni ni kanuni. Alijaza mwenyewe: boga, kamba wawili, samaki wa kuchoma nusu, wali mdogo pembeni. Samaki mbichi alimwacha bila kuambiwa, akamfunika kwa jani. Tofu ya ufuta aliishika kwa vijiti, akaisogeza kwenye boksi, akanitazama. Nilitikisa kichwa. Akairudisha. Ilikuwa laini na nyeupe na ya kufaa kabisa kwa mtu asiye na meno, na nilihisi uchungu, lakini ilikuwa imekaa saa mbili kwenye joto lile na isingestahimili moto wa kupashwa.

Kisha akachukua muhuri wake mwenyewe na kuinama juu ya karatasi mpya.

"Ngoja, mama," alisema bosi. Alikuwa bado ameketi mkekani na jasho lilimtiririka kwenye nyusi. "Usigonge kwanza. Muhuri mtu anaugonga huku anaangalia mvua. Nimeona leo. Nimegongesha watu mwezi mzima na hakuna aliyejua anagonga nini, hata mimi. Kwa huyo mama, muhuri haunitoshi."

"Unataka nini basi?" Fumie aliuliza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali. "Nimekula mbele yako. Unataka nikulipe nini tena?"

"Sitaki kulipwa. Nataka niisikie. Useme mwenyewe kwa maneno yako utakachofanya, tangu mlangoni kwangu mpaka mdomoni kwake. Hawa wasikie. Nikikusikia, leo nitalala."

"Useme, shemeji," alisema Katsuhiro. "Wewe huwa huongei, leo utaongea."

Fumie aliangalia karatasi, kisha akaiacha mezani. Akainuka. Alikishika kiboksi kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto wa siku chache, na alipoona watu wote wananyamaza, akaona aibu, akainamisha uso. Kasisi alipanga miguu yake vizuri akakaa wima. Nobuko akazima sauti ya simu. Mimi nilikunja mikono yangu mapajani nikamwombea asikosee, ingawa sikujua angekosea nini, maana hapakuwa na mstari wowote wa kumwongoza.

"Mimi ni Kusakabe Fumie," alianza, kisha akakohoa. "Mimi ni mke wa Noritsugu. Chakula hiki nimekula mimi, kilichobaki nampelekea mama. Nikitoka hapa sipiti dukani, sipiti shambani, hata shemeji akiniita nikaangalie nyasi zake."

"Sikuiti," alisema Katsuhiro.

"Nikifika nitawasha jiko kabla sijavua nguo nyeusi. Nitapasha kila kipande mpaka kitoe moshi. Nitaonja mimi kwanza, kila kitu, kisha nitakaa robo saa nijisikilize. Ndipo nitamponda mama boga, nimlishe kwa kijiko, taratibu. Kamba nitamchambua. Akikataa, sitamlazimisha. Akila, nitamwambia ukweli, kwamba mwanawe alikula mchana huu, supu ikiwa na mvuke, mbele ya watu wake." Akakipandisha kiboksi kifuani. "Ikifika saa kumi na mbili kikawa kimebaki, nitakitupa. Mikono itaniuma, lakini nitakitupa. Na tumbo la mama likiuma usiku, nitamwita daktari papo hapo, sitangoja asubuhi, na jina nitakalotaja ni langu, si la Sasanoya wala la dada Mitsue. Mmesikia wote. Naahidi."